Historia ya Gatini kwa Mwandiko Wangu

Ujumbe wa kwanza uliingia saa tatu asubuhi, nikiwa nachambua mchicha: Innalillahi, Bi Riziki binti Hamisi, aliyekuwa mpishi mashuhuri wa Gatini, amefariki jana huko Chaani, matanga yako kwa bintiye Mwanamisi. Wa pili uliingia kabla sijaweka simu chini, katika kundi lile lile la watu wa Gatini, na huo ulinihusu mimi: Mwalimu Mwanaidi, kitabu chetu cha historia kinapigwa chapa upya, tafadhali tuandikie dibaji, maneno mawili matatu tu, ueleze ulivyokusanya habari zile kwa uaminifu. Neno "uaminifu" lilifuatwa na vile vimikono viwili vya manjano vya kuomba dua. Nilitazama sinia la mchicha, nikaona kiwavi wa kijani akijipinda juu ya jani, na kinyaa kikanishika. Si kwa ajili ya kiwavi, maskini. Yeye alikuwa anakula jani lake tu.

Ni miaka mingi sasa nikitambulishwa arusini na maulidini kuwa ndiye "yule aliyeandika historia ya Gatini", nami hutabasamu, husema alhamdulillahi, na mtu huniongezea kipande cha nyama. Vipande hivyo nimevila vyote. Leo nataka kueleza kitabu kile kiliandikwaje, mwaka ule mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Sitaeleza nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa watu gani, kwa sababu wao hawamo katika uchafu huu, na sioni sababu ya kuwaingiza.

Gatini ni kibandari kidogo upande wa Likoni, ndani kabisa ya mkono wa bahari, mahali ambapo maji yametulia hata mtu wa bara akifika mara ya kwanza huuliza ziwa hili laitwaje. Zamani, kabla bandari kubwa ya ng'ambo haijameza kila kitu, hapo ndipo ziliposhushwa boriti, chokaa, makaa na magunia ya ufuta, na hapo ndipo nazi za mashamba ya kusini zilipopakiwa kwenda kisiwani. Yote hayo yalipita juu ya gati moja la mawe ya matumbawe, refu kushinda msikiti wa Ijumaa mara tatu. Mwaka niliofika mimi, gati lilikuwa limebaki la kuanikia nguo, na alfajiri la watu kujisaidia. Maji yake yalikuwa na utando mweusi wa mafuta ya meli, na kila yalipotoka yaliacha juu ya tope mifuko, kandambili na nepi za watoto zilizovimba. Harufu yake ulikuwa ukiinusa mpaka ndani ya chai. Lakini kaa na watu wa Gatini uwasikie! Utadhani mji mzima wa Mombasa ulizaliwa pale ukavushwa baadaye. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Kazi hawakuwa nayo, biashara ilikuwa imekufa, ila nasaba walikuwa nayo ya kutosha kuwauzia jirani. Mgeni akifika, hata kabla ya kuulizwa jina lake, huulizwa, "Wewe ni wa mlango gani?" Mlango kwao ni ukoo, na asiye na mlango alikuwa mtu wa kuja, hata kama babu yake alikuja kabla ya babu zao.

Mwaka ule serikali ilikuwa imesema itapima ardhi ya Gatini na kuwapa wenyeji hatimiliki. Ofisi iliyohusika, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitaka maelezo ya wazee yaliyoandikwa: mji ulianzaje, nani walikuja mwanzo, nani walijenga nini, nani ni wenyeji na nani wameingia tu. Wazee watano wakaunda kamati, mwenyekiti wao akiwa Bwana Athmani, karani mstaafu wa forodha, mtu wa kanzu nyeupe na sauti ya kusomea hutuba. Ila wote watano walikuwa na maneno mengi na hakuna aliyetaka kushika kalamu. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala upande mmoja kama mchele uliopepetwa, na kwa kuwa ni mwanamke niliweza kuingia majikoni kuwahoji kina mama. Ujira wangu ulikuwa chumba, chakula, na mwisho wa mwaka barua ya sifa ya Bwana Athmani kwa mkuu wa chuo cha ualimu, ambaye walisoma naye. Barua hiyo ndiyo iliyoninunua. Naisema mapema ili msomaji asianze kunionea huruma.

Chumba changu kilikuwa ghorofani kwa Bwana Athmani, stoo ya zamani ya mbata, na ule mnuko wa nazi iliyooza ulikuwa umeingia ukutani. Dirisha lilitazama uani, ambako mkewe, Bi Aziza, alipika tangu asubuhi. Siwezi kusema nilikula vibaya. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na mchuzi wa papa, alasiri kaimati na kahawa tungu. Nilinenepa mwaka ule, na hilo nalo leo linanichukiza. Bwana Athmani alikula nami chumba kimoja, yeye kwenye meza, mimi kwenye mkeka na karatasi zangu, ili nimsomee niliyoandika jana. Alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka kijiko chini. Akimaliza kula, hunyoosha mkono, huchana pembe ya ukurasa wangu, huikunja ikawa ncha, na huchokonolea meno. Kisha huitazama ile karatasi, kuona imetoa nini, na huiweka ukingoni mwa sahani. "Endelea, mwanangu," husema. "Tulikuwa wapi?" Tulikuwa kwa babu yake, siku zote.

Kila alasiri kamati ilikaa kwenye baraza ya nyumba ile, na wakuu wa familia walikuja mmoja mmoja kutaja nasaba zao. Mtu husimama, husema fulani bin fulani bin fulani, mpaka afike kwa yule aliyetua Gatini wakati bado ni mikoko mitupu. Kamati ikiridhika, mwenyekiti husema, "Huyu ni mlango," nami huandika. Isiporidhika, husema, "Tia kwa walioingia." Niliona mtu mzima akifika babu wa tatu, akasita, jasho likamtoka, na wale wazee wakimtazama huku wakitafuna tambuu, kama watu wanaongojea kuku atage. Baba mmoja alibuni babu papo hapo na kila mtu alijua, lakini alikuwa na binti aliyeposwa na mpwa wa mjumbe, basi babu akaandikwa. Nilimwandika mimi, kwa wino wa buluu, na mwandiko wangu mzuri ukamfanya aonekane kweli aliishi.

Bi Riziki hakuitwa barazani. Aliishi mwisho wa Gatini, pale gati linapoanza, nyumba ya mawe na chokaa ambayo mlango wake wa mbele ulitazama maji. Alikuwa mjane, ana binti mmoja wa shule, na hakuna arusi wala hitma iliyofanyika Gatini bila sufuria zake. Nilimwendea mwenyewe, baada ya wanawake watatu tofauti kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba nikitaka habari za gati nikamuulize Riziki. Nilimkuta anakuna nazi, ameketi juu ya mbuzi, hakuinuka.

"Hodi, Bi Riziki. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiwe mwenye kuandika? Keti hapo, si hapo, hapo pana maji. Haya, wataka nini?"

"Nataka habari za gati."

Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. "Wamekutuma, au umekuja?"

"Nimekuja."

"Basi andika."

Mwezi mzima nilikwenda kwake, na hayo ndiyo mema pekee niliyoyafanya mwaka ule. Gati, alisema, lilijengwa na babu yake, Feruzi. Feruzi alikuwa mtumwa katika nyumba ya mababu wa Bwana Athmani, kisha akaachwa huru. Yeyote wa pwani ya zamani akisikia jina kama Feruzi, Mabruki au Farijala, hahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo majina waliyopewa watu ambao majina yao ya kwanza hakuna aliyetaka kuyajifunza. Feruzi alijua kuchoma chokaa na kupanga matumbawe. Aliweza kufanya kazi maji yakitoka tu, kwa hiyo maisha yake yalikwenda na maji, leo asubuhi, kesho adhuhuri, na jiwe lililowekwa vibaya bahari ilikuja kulichukua. Gati lilipokwisha, wale mabwana walimwambia mbele ya watu: jenga hapa, kichwani mwa gati, pawe pako na wanao. Ndipo akajenga nyumba ile nilimokuwa nimekaa.

"Chokaa alikuwa akiijaribu kwa ulimi," Bi Riziki akaniambia siku moja, anachambua bizari. "Ikichoma hivi, haijaiva. Ikichoma vile, imeiva. Mwisho ulimi wake ukafa. Mimi nimemdiriki, nikiwa mdogo. Hajui chumvi, hajui sukari. Bibi yangu akipika, yeye yuala tu, hasemi kitamu, hasemi kibaya. Basi akawa aniita mimi. 'Riziki, hebu nionjee. Chakula chataka nini?' Nami namwambia. Hapo ndipo nilipojifunza kupika." Akacheka, kisha akanitazama mkono. "Hayo nayo wayaandika?"

"Nayaandika."

"Andika. Na jina lake uliandike vizuri. Feruzi. Mtu akija hapa na vigingi vyake, asome aone."

Kwa hiyo nilijua. Hakuna mtu awezaye kusema sikujua. Nyumba ile haikuwa na karatasi, ilikuwa na maneno tu ya watu waliokwisha kufa, na kitabu changu ndicho kilichokuwa kiwe karatasi yake. Feruzi akiandikwa, Bi Riziki ni mwenyeji na nyumba ni yake. Asipoandikwa, ni mtu aliyeingia, mahali pake ni pa kugawiwa mwingine.

Niliisomea kamati sura ya gati siku ya Jumatano, baada ya biriani. Nakumbuka biriani kwa sababu mafuta yalikuwa yameganda ndevuni mwa mjumbe mmoja, na alinisikiliza vivyo hivyo, yanang'aa. Nilipotaja Feruzi, Bwana Athmani aliinua kidole.

"Hapo futa."

"Kwani si kweli, bwana?"

"Nani kasema si kweli? Kweli tupu." Akawageukia wenzake, uso wa mtu anayefundisha. "Feruzi ni wetu. Baba wa babu yangu alimnunua, akamsilimisha, akampa jina, akamwacha huru. Ni wa mlango wetu. Wewe andika gati lilijengwa na mlango wetu. Sisi tukitajwa, naye katajwa. Ama wataka tumtaje mara mbili?"

Wakacheka. Yule wa ndevu alicheka mpaka akapaliwa.

"Na ile nyumba yake?" nikauliza. "Kama ni wa mlango, basi Bi Riziki ni mwenyeji."

Kicheko kikakatika. "Ardhi ni jambo jingine," akasema Bwana Athmani, taratibu. "Ardhi yenda kwa damu. Na wewe mwanangu, barua yako nimeshaianza. Imebaki kutiwa sahihi."

Nimefikiri juu ya maneno yale maisha yangu yote, na kila nikiyageuza yanazidi kunuka. Mawe ya Feruzi yalikuwa ya mlango, lakini mjukuu wa Feruzi hakuwa wa mlango. Wakati wa kugawana sifa alihesabiwa ndani ili sifa ziwe zao, na wakati wa kugawana ardhi alitolewa nje ili ardhi iwe yao pia. Na lililo baya zaidi, hawakuwa wakificha kitu. Waliamini. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo ilivyokuwa desturi: aliyeachwa huru kazi yake ilirudi kwa nyumba iliyomwacha. Msema pweke hakosi, na Gatini walikuwa wamesema pweke kwa miaka mia.

Siku chache baadaye nilikuwa dirishani, nikasikia Bi Aziza na mumewe uani. Alikuwa anapaa samaki, magamba yakiruka.

"Na Riziki je?" akasema. "Nyumba yake yaziba."

"Yaziba nini?"

"Yaziba maji, Athmani. Mwanao ataka mbele ya maji, hataki nyuma ya choo cha msikiti."

"Subiri. Kitabu kikitoka hatakuwa na la kusema."

"Mimi sina ugomvi naye, wallahi," Bi Aziza akasema, akaosha kisu. "Na siku ya kitabu, nani atapika?"

"Si Riziki?" akasema Bwana Athmani. "Nani mwingine ajua kupika?"

Nilishuka chini wakati wa chakula, nikala samaki wale wale. Ningeweza kuondoka. Feri ilikuwa pale pale Likoni, nayo haikuuliza mtu mlango wake. Badala yake niliketi stoo ya mbata wiki tatu nikiandika nakala safi, na katika nakala hiyo gati lilijengwa na mlango wa Bwana Athmani, kwa hekima na ukarimu wao. "Ukarimu" nililitia mimi, hakuna aliyeniambia. Nilipomaliza, Bwana Athmani aliomba daftari langu la mwanzo, lenye maneno ya Bi Riziki yote, eti apate kulihifadhi. Kesho yake asubuhi Bi Aziza aliwashia jiko. Niliziona kurasa zikijikunja chini ya mkaa, na nilichofanya ni kuuliza kama chai iko tayari.

Kitabu kilipotoka kwa mpiga chapa, kilikuwa chembamba, jalada la kijani, na karamu ilifanywa kwenye uwanja wa msikiti. Wanaume walikaa wanne wanne kwenye masinia, na kamati ikajigawa ili kila sinia la mbele liwe na mkubwa mmoja. Pilau ilikuwa ya Bi Riziki. Sijala pilau kama ile kabla wala baada, na nasema hivi kwa uchungu. Walikula wakinyonya mifupa, wakipangusa vidole mkekani, wakisifu, "Huyu mwanamke ana mkono, mashallah," huku vitabu vikipita juu ya masinia na kupata madoa ya mafuta. Mimi nilikwenda nyuma, penye meko, kuomba maji. Bi Riziki alikuwa amesimama katikati ya moshi, upawa mkononi, macho mekundu, na kando yake juu ya gunia palikuwa na kitabu kimoja, walichompa kama shukrani ya mpishi. Alikuwa hajui kusoma herufi hizi zetu. Alisomea chuo cha Kurani, za Kiarabu tu.

"Mwanaidi," akasema. "Babu yangu yumo?"

"Yumo, Bi Riziki," nikasema.

Nilijiambia si uongo. Mlango ukitajwa, naye katajwa. Nilikuwa nimeshajifunza dini ya wale wazee, na ilinitoka mdomoni bila kukwama.

Akaniwekea sahani. Akachagua nyama laini, akaongeza kachumbari, akasimama kunitazama nikila, kama alivyokuwa akisimama, bila shaka, mbele ya babu yake. "Chataka kitu?" akauliza. Nikasema hakitaki kitu.

Maafisa wa ardhi walikuja wiki iliyofuata. Waliweka tenti na meza uwanja ule ule, na mimi niliwekwa kushoto kwa afisa mkuu ili nimfungulie kurasa, maana nilikijua kitabu. Kamati ilikaa nyuma yetu, viti vitano. Watu walipanga foleni tangu asubuhi na mambo yalikwenda upesi: jina, mlango, ukurasa, sahihi, mwingine. Karibu na adhuhuri akaja Bi Riziki. Alikuwa amevaa buibui jipya, la kwenda mahali, na kitabu cha kijani amekishika kwa mikono miwili.

"Jina, mama?"

"Riziki binti Hamisi bin Feruzi."

Afisa alikuwa kijana wa bara, hakuwa mtu mbaya. Akapitisha kidole. "Wewe uko kwa walioingia."

"Sikuingia, mwanangu. Nimezaliwa pale, na baba yangu kazaliwa pale. Gati lile ulionalo ni babu yangu alolijenga."

"Kitabu cha wazee hakisemi hivyo."

"Mwandishi wake si huyu hapa? Alikuja kwangu mwezi mzima. Nilimwambia yote, naye akaandika, nikimuona kwa macho yangu. Muulize."

Afisa akanigeukia. Aliweka hata kalamu chini, na nina hakika leo kwamba angeandika lolote ambalo ningesema. Daftari lilikuwa jivu. Uliobaki ulikuwa ulimi wangu. Nyuma yangu Bwana Athmani alikohoa, kikohozi kidogo, cha adabu. Bi Riziki aliinama kidogo juu ya meza ili anitazame usoni, na sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi, kama ya mtu anayemsubiri mtoto mwenye kigugumizi.

"Mwanaidi, mwanangu. Sema. Babu yangu yumo, au hayumo?"

"Habari zilikuwa nyingi, Bi Riziki," nikasema. "Sikumbuki."

Akajinyoosha, akaweka kitabu juu ya meza, mbele yangu, akasema, "Haya," akaondoka. Afisa akaita, "Mwingine." Nami nikafungua ukurasa wa mwingine.

Mwaka haukwisha, nyumba ilibomolewa. Mawe yake yalikuwa mazuri mno kutupwa, mwana wa Bwana Athmani akayatumia kwa msingi wa nyumba yake, mbele ya maji. Bi Riziki alivuka na sufuria zake kwenda kupanga chumba Chaani. Alipikia wapagazi na madereva wa malori, watu wanaokula wima. Barua yangu ilitiwa sahihi. Ilisema kwamba mimi ni msichana mwadilifu. Chuoni niliipeleka mwenyewe, ndani ya bahasha, na nilifundisha watoto wa watu miaka thelathini, kusoma na kuandika, na kusema kweli.

Siku ya tatu ya matanga nilitoka kwangu Kisauni kwenda Chaani. Malori ya makontena yalikuwa yamesimama barabara nzima, vumbi na moshi wa dizeli, na nyumba ilikuwa nyuma kabisa, ya vyumba sita, choo kimoja. Hitma ilikuwa imekwisha, wanawake wamekula wameondoka. Nilimkuta Mwanamisi uani, peke yake, amepiga magoti mbele ya sufuria kubwa ya mama yake, anaisugua kwa jivu na kumbi la nazi. Amekuwa mtu mzima, nywele zake zina mvi. Nilimpa mkono wa tanzia, akaupokea kwa kiganja cha maji.

"Mimi ni Mwanaidi," nikasema. "Niliyeandika kile kitabu cha Gatini."

"Nakujua."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, nikayatoa yote bila kupumua. Nikamwambia mama yake aliniuliza kama babu yumo, nami nikamwambia yumo. Nikamwambia alikuja mezani na kitabu mkononi, ameniamini, mbele ya watu wote, nami nikamtupa. Nikasema nimeishi na jambo hilo, kwamba alinitumaini na hakujua. Nikasema naomba radhi, kama si kwake basi kwa mwanawe.

Mwanamisi hakuacha kusugua. "Nani kakwambia hakujua?"

"Hakuwa akisoma."

"Mimi nilikuwa nasoma. Nilikuwa darasa la saba. Kesho yake ya ile karamu aliniketisha nikamsomea, mwanzo mpaka mwisho. Akasema nimeruka. Nikarudia chote, polepole, kidole juu ya mstari. Mara ya pili akainuka, akaenda kuchuja tui."

Lori lilipiga honi ndefu barabarani, likapita.

"Basi kwa nini alikuja pale mezani?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo, yuavaa buibui lake la Idi. Nikamwambia, mama, wendea nini, na wajua hayumo? Akanambia, 'Yule mtoto wamemkalia wazee watano, hakupata pa kusema. Naenda kumpa pa kusema.'" Akaiinamisha sufuria upande, akatazama ndani kama imetakata. "Hakwenda kwa ajili ya babu. Alikwenda kwa ajili yako."

Nilikuwa bado nimesimama pale pale, kati yake na mfereji, mikono yangu sijui niipeleke wapi. Aliinuka, akaishika sufuria kwa masikio yake mawili, imejaa maji meusi ya jivu na mafuta.

"Sogea, mwalimu," akasema. "Nataka kumwaga maji."

Nikasogea.